Barua Iende, Irudi

Mama Lusajo, rafiki yangu,

Ugonile. Naanza na salamu kama ulivyonizoesha, ingawa huko uliko sijui nani ananiitikia. Hapa tumeamka. Mvua inanyesha tangu juzi bila aibu, njia ya kutoka sokoni hadi ofisini ni tope tupu, na bajaji zinakwama palepale ulipokuwa unanicheka nikivua viatu. Mimi na watoto hatujambo. Zulfa amenipita kwa urefu, na mdomo nao umerefuka. Lusajo wako amerudi chuoni Dodoma. Aliondoka na basi la asubuhi, macho yamemvimba, lakini aliondoka. Baba Lusajo anakula akikumbushwa. Mama yako mzima, yuko Busale na migomba yake, na yeye ndiye sababu ya barua hii. Yeye na seva.

Ndiyo, seva. Cheka tu. Mtu anamwandikia marehemu na badala ya kumweleza mapenzi anamweleza mipangilio ya barua pepe. Lakini wewe na mimi tulikuwa tunaongea kwa njia gani, kama si hiyo?

Nakumbuka siku niliyofika kwenye ofisi hii ya ushirika nikitokea Pangani, na barua ya uhamisho mkononi na sura ya mtu aliyefukuzwa kwao. Nilikuwa nimelowa hadi kwenye mifupa. Wewe ulikuwa umekaa nyuma ya kompyuta, ukanitazama kuanzia kilemba hadi kandambili, ukasema, "Karibu Kyela, mama. Mvua hii ni ya salamu tu, yenyewe bado." Nikakuchukia palepale. Mchana ukanisukumia nusu ya mbalaga yako, ndizi zimelala kwenye mchuzi, chumvi imezidi mpaka nikaomba maji mara mbili. Nikakwambia kwetu hata bahari haina chumvi kiasi hiki. Ukasema, basi kesho lete wewe tuone. Hivyo ndivyo tulivyoanza. Siku moja nabeba mimi, siku moja unabeba wewe, na kila siku lazima mmoja amseme mwenzake kwa upishi. Ulisema nazi yangu inafaa kupaka nywele. Nilisema mkono wako na kopo la chumvi vitenganishwe na baraza la usuluhishi.

Meneja wetu ndiye aliyetuingiza kwenye barua pepe bila kujua. Unakumbuka jinsi alivyochukia maongezi? Ofisi ni chumba kimoja, wewe upande wa mlango, mimi upande wa dirisha, yeye katikati nyuma ya kile kiambaza cha mbao kinachomfikia kifuani. Ukikohoa anauliza una shida gani. Basi siku moja kompyuta yangu ikalia, nikafungua, nikakuta barua yako yenye kichwa cha maana kabisa: Taarifa ya unyevu wa kakao. Ndani umeandika, na asante ya Kinyakyusa mwishoni: "Mama Zulfa, ugonile. Tai ya Meneja leo imekatwa kwenye pazia la kanisani kwetu. Nalijua hilo pazia. Ndaga."

Nililazimika kuinama chini ya meza nikajifanya natafuta kalamu.

Tangu siku hiyo, unyevu wa kakao ukawa ndio mambo yetu yote. Watoto, waume, presha yako, talaka yangu, bei ya mchele, mahubiri yaliyokuchosha, futari nilizozikumbuka za kwetu. Uliniandikia siku mama yangu alipougua na sikuwa na ruhusa ya kusafiri. Meza zetu zimetengana hatua chache tu, na bado uliandika, kwa sababu ulijua nikisikia sauti yako nitalia mbele ya watu. Barua ile niliisoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Kisha masika yaliyopita radi ikapiga, ikaunguza kompyuta yangu na kila kilichokuwamo. Ukaniambia nisihofu, zote unazo wewe, zilizotoka kwako na zilizotoka kwangu. Programu zetu za kizamani zilikuwa zinashusha barua kutoka kwenye seva na kuziweka ndani ya mashine. Kule kwenye seva hakibaki kitu. Kwa hiyo maisha yetu yote, wewe na mimi, yalikuwa ndani ya lile boksi jeusi chini ya meza yako.

Hilo lishike, maana ndipo roho yangu ilipoponea.

Sasa nikukumbushe siku yako ya mwisho ofisini. Ilikuwa jioni, Meneja ana wageni, kimya kimetanda. Nilikusikia unaandika. Umeme ukakatika. Ukautukana kwa Kinyakyusa, taratibu, kwa sababu ya wageni. Wingu lilikuwa limeshafunga upande wa ziwani na mimi nikabeba mkoba wangu niwahi kabla halijamwagika. Pale mlangoni ukaniuliza, "Umeipata?" Sikujua unauliza nini. Nikasema, "Kesho," nikakimbilia bajaji.

Kesho yake, kabla ya saa ya chai, Baba Lusajo alinipigia simu kutoka hospitali.

Sikuwa na akili siku ile. Nilifika kwenu nikakuta vyombo vimeshatolewa nje na kina mama wamejaa ukumbini. Nikakaa kwenye mkeka katikati yao na kanga yangu. Waliimba nyimbo za kanisa za Kinyakyusa, mimi maneno siyajui, nikawa naguna tu na mdomo umefungwa. Chakula kilipoletwa wenzangu waliwekewa wali na nyama. Mimi mama yako alikuja mwenyewe, akainama, akanipa sahani ya peke yangu: wali na kipande cha mbasa, samaki wa ziwani, wa kukaanga, kipande cha tumboni, kile kinono. Nikadhani ni heshima ya Muislamu, kwamba hawakutaka nisumbuke kuuliza ng'ombe kachinjwa na nani. Nikashukuru moyoni. Nikala, kwa sababu mama yako alisimama pale mpaka nikala. Machozi yalikuwa yananidondokea kwenye wali, sikuhisi ladha ya kitu.

Tulikuzika Busale, chini kidogo ya nyumba ya baba yako, mahali migomba inapoanzia. Udongo ulikuwa mweusi, unanata. Pazuri. Ungependa.

Kabla hatujaondoka, mama yako alimshika Meneja mkono na kumwomba jambo moja. Alisema meza ya mwanawe isiguswe mpaka matanga yaishe, na yakiisha atakuja mwenyewe akae kwenye kiti hicho kwanza. Katika ukoo wenu, alisema, kitu cha marehemu hakianzi kutumiwa na wengine kabla hakijashikwa na mtu wa damu yake. Meneja akainamisha kichwa akakubali. Yule yule anayetukataza kukohoa. Jumatatu nikaifunika kompyuta yako kwa kanga yangu, nikaizima ukutani, na ikakaa hivyo. Watu walikuwa wakipita pale wanazunguka kwa mbali kidogo, hata mzee wa kufagia alifagia kila mahali isipokuwa chini ya miguu ya kiti chako.

Mimi mwenyewe sikuweza kukitazama. Niligeuza meza yangu ikaelekea dirishani. Chakula nilibeba kila siku, na kila siku nilibeba kingi, kisha narudi nacho nusu nyumbani. Na kila mara nikifunika bakuli lile neno lako linarudi: Umeipata? Nimepata nini, Mama Lusajo? Nilipekua barua zangu zote. Hakuna kitu chako cha siku ile.

Basi, matanga hayajaisha, tukaingia ofisini asubuhi moja, barua pepe zimekufa. Zote. Kila anayefungua programu anaambiwa haiwezi kuungana na seva. Meneja akasema ni mvua. Bwana ghala akasema ni panya wamekula waya. Mimi moyoni nikasema, ni yeye, ameondoka nazo. Wote tuligeuka tukatazama kanga iliyofunika meza yako, kana kwamba tukisubiri kidogo utaifunua na kutuuliza tumefanya nini tena.

Ikabidi nifanye mimi. Mimi, Mama Lusajo, ambaye ulinisema kwamba nabonyeza vitufe kama napepeta mchele. Nikakaa nikafumba macho nikajaribu kusikia ulivyonifundisha. Ulisema programu ya barua ni mgeni anayekwenda nyumba ya watu, na kwenu mgeni haingii mpaka salamu zimekamilika. Kwanza, njia ipo? Nikafungua ukurasa wa habari ukafunguka. Njia ipo, kwa hiyo si mvua wala panya. Pili, nyumba anayoiendea bado ipo mahali pake? Tatu, anabisha mlango upi? Nne, anajitambulisha kwa jina gani, na neno la siri analo? "Ukiruka salamu moja usimlaumu mwenye nyumba," ulikuwa unasema, "mlaumu aliyekulea." Nilifika kwenye la pili nikakwama. Jina la seva lilikuwa lilelile tulilokuwa nalo miaka yote, na halikuitika.

Nikapiga simu Dar, kwa wale wanaotutunzia barua. Akapokea dada mmoja mwenye haraka. Akasema, "Seva ya zamani tumeifunga, mama, tumehamia mpya. Taarifa tulishatoa. Tulimwandikia Bi Tusekile zaidi ya mara moja."

Unaona? Walikuandikia wewe. Jina lako ndilo walilokuwa nalo, wewe ndiye uliyekuwa mlango wetu. Barua za kutuonya zilikuwa zimejipanga zinakungoja, na sisi tulikuwa tunazunguka meza yako kwa heshima.

Nikamwambia, "Bi Tusekile ametangulia mbele ya haki." Akasema, "Poleni sana. Kuna anwani gani nyingine tuiandike?" Nilitaka kumtukana. Kisha nikafikiri, aulize nini kingine, maskini? Nikampa yangu. Nilipokuwa naitamka, herufi moja moja, nilihisi kama nakuvua kitu mwilini.

Akanisomea mambo mapya. Jina la seva limebadilika. Mlango wa kupokelea, uliokuwa mia na kumi, sasa ni mia tisa tisini na tano, na ni lazima njia ifungwe ili barua isisomwe na wapita njia. Na mtu asijitambulishe tena kwa jina fupi, aandike anwani yake nzima. Neno la siri lilelile. Nikaona si kazi ngumu. Lakini yule dada akaongeza, "Njia rahisi kabisa, futeni akaunti kwenye programu, muianzishe upya." Na simu ilikuwa imewekwa spika.

Meneja alisikia maneno mawili tu, njia rahisi. Kabla sijageuka alikuwa ameshafika kwenye mashine yake, ameshafuta, ameshajibu ndiyo kwa kila swali lililomtokea. Akaanzisha upya, ikaunganika kweli, akapiga makofi. Halafu akatafuta barua zake. Hakuna hata moja. Aliinuka, akakaa, akainuka. "Ziko wapi?" akasema. "Barua zangu zote tangu nipewe ofisi hii!" Tai imemkaa begani. Niligeuka kukutazama, Mama Lusajo, niligeuka kabisa shingo yote, ili tuinamie chini ya meza pamoja. Nikakutana na kanga.

Kicheko kiligeuka hapohapo. Nilitoka nje nikalilia chini ya paa la stoo ya kakao, na harufu ile ya kakao iliyochacha uliyosema inakukumbusha pombe ya harusi ya dada yako.

Niliporudi Meneja alikuwa ametulia, na alipotulia akawa mbaya zaidi. Alisema barua za wanunuzi zinaingia kwako, wewe ndiye waliyekuzoea, na mchele na kakao za watu haziwezi kungoja. Kwa hiyo mashine yako iwashwe, akaunti ifutwe, ianzishwe upya, na mwezi ujao akija katibu mpya aikute safi. "Imeshaonekana inafanya kazi," akasema. Mtu aliyepoteza barua zake zote palepale! Nikamwambia, Meneja, kuna ahadi kwa mama yake. Akasema ahadi ni ya matanga, na matanga ni Jumamosi. Nikasema basi Jumatatu mama yake atakaa kwenye kiti, na mimi nitafanya kazi hiyo, si mwingine, na sifuti kitu. Akaniuliza kama nina uhakika ninajua ninachofanya. Nikamwambia sina. Tangu Pangani sijawahi kumjibu mkubwa hivyo.

Nilikuwa naogopa, sikufichi. Usiku mimi si mtu wa kukesha, wanijua, lakini mchana kutwa nilikuwa nawaza kidole changu kikikosea mara moja tu. Barua ya ugonjwa wa mama yangu. Tai zote za Meneja. Wewe ukinitania kwamba nitaolewa na mvuvi wa Kikisi wa kule Matema na nitajifunza kula samaki kwa adabu. Picha zako ninazo, sauti yako ninayo kwenye simu kwa sekunde chache, lakini ile nafsi yako yenye ulimi iko mle tu. Ukifa mara moja inatosha.

Jumatatu mama yako akaja. Alishuka kwenye bodaboda mwenyewe, amevaa kitenge kile cha kijani, amebeba mkungu wa ndizi wa kutupa sisi wafiwa wa ofisini. Akamsalimia kila mtu, mmoja mmoja, "Mugonile," mpaka mzee wa kufagia, na kila mmoja akajibu, na hakuna aliyethubutu kuharakisha. Kisha akaitoa kanga yangu, akaikunja vizuri, akanirudishia. Akakaa kwenye kiti chako. Miguu haikugusa chini. Akaweka viganja vyote viwili juu ya meza, akasema maneno kwa Kinyakyusa ambayo sikuyaelewa isipokuwa jina lako na jina la Mungu. Halafu akanitazama. "Ndaga. Sasa fanya kazi, mwanangu. Mimi nakaa hapahapa."

Nikavuta stuli kando yake. Kabla ya chochote nilinakili folda yako nzima kwenye flashi mbili, kwa sababu ulisema moja huogopa upweke. Nilipoona faili zimehama zote ndipo nikapumua. Kisha nikaingia kwenye mipangilio. Sikufuta. Nilibadilisha, kama nilivyokwisha kubadilisha yangu ili ipokee. Jina la nyumba. Namba ya mlango. Njia ifungwe. Jina lako lote, na anwani yake, kama mtu anayetambulishwa mbele ya wazee. Nikabonyeza. Ikafikiri, ikafikiri, barua zikaanza kushuka. Zikamiminika, za wanunuzi, za pole kutoka kwa watu wasiojua waandike wapi, na zile za Dar zikikuonya kwa upole kwamba seva itabadilishwa, tafadhali waarifu wenzako. Meneja akasimama nyuma yangu akasema, "Alhamdulillahi," yeye mzee wa kanisa. Akaniambia imetosha, niache hapo.

Na kweli ingetosha. Zinapokelewa. Kutuma kulikuwa kumegoma, programu ilisema seva ya kutolea barua inamkataa mtumaji, lakini nani atatuma barua kutoka kwenye mashine ya marehemu? Nilishaanza kuinuka. Halafu nikakusikia, kwa ile sauti yako ya kukera: "Kazi haijaisha mpaka barua iende, irudi." Uliisema kila mara. Hata Ijumaa jioni, watu wana mabegi begani, lazima utume barua ya majaribio na uione imerudi ndipo uvae viatu. Nikakaa tena. Kule kwenye kutolea nikaona kisanduku hakijawekwa alama, kile cha kusema kwamba na mtumaji naye ajitambulishe. Seva mpya haimwamini mtu kwa sura. Nikaweka alama. Nikabonyeza.

Sikuandika barua yoyote ya majaribio, Mama Lusajo. Naapa. Nilikuwa bado natafuta pa kuiandikia.

Kompyuta yangu ikalia upande wa dirisha.

Mlio uleule. Watu walidhani ni kawaida. Mimi nilijua hakuna aliyeniandikia, maana nilikuwa nawaona wote, hakuna aliyegusa kitufe. Nilitembea zile hatua chache, na nikakuta jina lako. Kichwa cha barua: Taarifa ya unyevu wa kakao. Tarehe ni ya jioni ile, umeme ulipokatika. Ilikuwa imekaa humo ndani, kwenye foleni ya zinazosubiri kutoka, siku zote tulizokuwa tunakulilia.

"Mama Zulfa, ugonile. Kesho usibebe chakula, hata kama si zamu yangu. Nimeagiza mbasa wa Matema, mkubwa, namkaanga leo. Kipande cha tumbo ni chako. Usianze na habari za chumvi. Ndaga."

Umeipata?

Niliisoma kwa sauti kwa sababu mama yako aliuliza ni nani huyo. Sijui niliifikishaje mwisho. Nilidhani atalia. Akatikisa kichwa taratibu, mikono bado juu ya meza, akasema, "Si ulimla?"

Nikasema, "Nani, mama?"

"Samaki. Siku ile tulipofika, Baba Lusajo alituambia, hiyo sufuria msiiguse, mwenzangu amesema ni ya Mama Zulfa, ya kesho ofisini. Watu wengi, chakula kidogo, nikasema hapana, mwanangu amesema ya nani. Nikakuletea mimi. Nikasimama mpaka ukala."

Na mimi nilidhani ni kwa sababu ya dini yangu! Nikamkumbatia mama yako kwenye kiti chako, yeye kakaa, mimi nimepiga magoti sakafuni, na Meneja akatoka nje akasema anakwenda kuangalia mvua.

Haya, nimalize, maana nakuona unatazama saa. Barua zetu zipo zote. Flashi moja ipo kwangu, nyingine nimempa Lusajo, nimemwonya kwamba humo atakuta mamake akimsema vibaya kuhusu yule kijana wa mwaka wa kwanza. Akaunti yako haifutwi. Meneja amekubali, na amekubali kwa maandishi, kwa barua pepe, kwa sababu nilimwambia bila hivyo simtafutii zake zilizopotea. Katibu mpya akija nitamfundisha salamu zote, njia, nyumba, mlango, jina, na hatavaa viatu mpaka barua iende irudi. Meza yangu nimeigeuza tena, inatazama yako. Nakuahidi mbasa wa kwanza atakayepatikana ziwa likitulia nitampeleka Busale, nitampika mimi, na mama yako atakula kipande cha tumbo nami nitasimama pale.

Hii sasa naituma kwenye anwani yako. Kichwa chake unakijua. Mashine yako imewashwa, na nikisikia imelia upande wa mlango nitajua imefika, nitavaa viatu, nitaenda nyumbani. Lala salama, mwenzangu. Mungu akupe nyumba isiyovuja.

Nimeipata, Mama Lusajo. Na samaki nilimla wote. Chumvi ilizidi.

Ndaga fijo.

Mama Zulfa